Jina la Kuandika Mlangoni

Siku niliyorudisha kofia ngumu na kizibao cha rifleta, vijana wa zamu ya usiku mlinizunguka mkaniambia, "Mzee Popo, tuandikie hata kurasa mbili, usiondoke na kichwa chote." Kurasa hizo nimekaa nazo miezi. Habari za vyeo sitazigusa, kwa sababu nilipanda kidogo na sikumbuki lini, na za mshahara mnazijua wenyewe. Nitawaandikia kuhusu usingizi. Najua mnacheka. Lakini miaka thelathini na moja ya kuendesha winchi usiku imenifundisha kulala kuliko ilivyonifundisha kunyanyua makontena, na sasa nimeufanya usingizi kuwa kazi yangu ya uzeeni. Nina furaha nayo kiasi kwamba Mama Saida, mke wangu, ananiambia nipunguze kuizungumzia tukiwa tunakula.

Nianze na siku ya kwanza. Yadi yetu hapa Temeke wakati huo ilikuwa na winchi mbili, moja nzima na nyingine ya kutolea vipuri vya ile nzima. Nilikabidhiwa kwa Mzee Faraji, mtu wa Tanga, mwembamba, ambaye kila asubuhi alitoka kazini amevaa miwani ya jua huku sisi wengine tukipepesa macho. Nilimpa shikamoo yangu, nikasimama nikisubiri kuonyeshwa vishikio na breki. Akaniuliza, "Unalala wapi?"

"Tandika, mzee."

"Sikuulizi mtaa. Mchana unalala wapi? Dirisha linatazama jua? Jirani ana jogoo?"

Nilidhani nimepewa mzee aliyechanganyikiwa. Nimekuja kujifunza winchi, naulizwa habari za jogoo. Wiki haikuisha nikamwelewa. Wakati wa chai nililala nimekaa, mkate ungali mdomoni, na nilipozinduka nikakuta kofia yangu imeshaandikwa POPO kwa rangi ya mafuta. Ninyi mnajua kuwa yadini jina la mtu halitoki kwa wazazi wake. Linatoka kwa wenzake, tena siku ya aibu yake, na likishaandikwa kwenye kofia halifutiki. Nilimkuta dereva mmoja aliyewahi kugonga geti mara moja tu, wakamwita Breki. Tangu hapo kila msimamizi mpya akisoma kofia ile alimpangia kusukuma toroli. Mtu aliyejua gari kuliko wote pale alistaafu akisukuma toroli. Mimi nilisalimika kwa kuwa popo angalau anafanya kazi usiku.

Mzee Faraji alinifundisha winchi kwa miezi mitatu na kulala kwa miaka kumi. "Usingizi wa mchana unaandaliwa kama futari," alikuwa akisema. "Usisubiri adhana ndipo uanze kutafuta tende." Dirishani alinitundikisha kaniki mbili, moja juu ya nyingine, maana kaniki moja inaonyesha jua. Njiani kurudi nyumbani nivae miwani nyeusi ili macho yasijue kumekucha. Chai ya rangi mwisho saa nane za usiku, baada ya hapo maji. Asubuhi uji mwepesi, si maharage, kwa sababu tumbo likiwa kazini na kichwa nacho hakilali. Umeme ukikatika na feni ikasimama, taulo la maji miguuni. Saa ya kulala iwe ileile hata siku ya mapumziko. Na usigombane na mkeo asubuhi, gombaneni jioni mkiwa na nguvu. Yote niliyafuata isipokuwa hilo la mwisho, ambalo halikuwa mikononi mwangu.

Mama Saida alizaliwa Kunduchi katika nyumba ya wavuvi, watu wanaoingia nyumbani wakati wenzao wanatoka. Kwa hiyo mume wa kulala mchana hakumshangaza. Kilichomshinda ni buti zangu. Grisi ya winchi, kama mjuavyo, ni nyeusi, inanata, na ikishaingia kwenye mkeka ndiyo imehamia. Wiki ya pili ya ndoa alinisimamisha mlangoni. "Wewe ingia, karibu. Hizo zibaki huko huko." Tangu siku hiyo buti zangu zikawa zinakaa kizingitini, nami ndani. Hakuna aliyepanga lingine. Ila majirani walianza kuzisoma. Buti zikiwa nje, muuza vitumbua wa mlango wa pili alishusha sauti, watoto wakahamisha mpira, na mwenye redio akaigeuzia ukutani. Nikitoka jioni nikazivaa, mtaa unarudi na kelele zake. Mtu akija kunitafuta aliambiwa, "Buti nje," na akaelewa hata kama ni mgeni.

Kuna mara moja tulikosea. Mzee Faraji alifariki akiwa amesharudi kwao Tanga, nikaondoka mbio kwenda kumzika, na kwa haraka ile nikavaa makubadhi. Mama Saida naye alikuwa Kunduchi akimuuguza mama yake. Chumba kilifungwa, buti zikabaki kizingitini. Nilikaa Tanga siku tatu. Niliporudi, muuza vitumbua alinikuta mlangoni akadhani ndiyo kwanza natoka ndani. Alinitazama toka juu hadi chini, akaniuliza kwa kunong'ona, "Baba Saida, u mgonjwa? Siku ya tatu hii umelala tu." Nikaambiwa kuwa mtaa mzima ulikuwa unatembea kwa kunyata. Kulikuwa na shughuli ya kumtoa mwali, wanawake wakaihamishia mtaa wa nyuma na ngoma zao. Siku tatu walinyamazia chumba kitupu. Nilikuwa nimetoka kumfukia mwalimu wangu, na hapo nilikaa kizingitini karibu na buti zangu nikalia na kucheka kwa pamoja. Sikuwahi kupendwa namna ile na watu wengi kwa mpigo.

Nairuka miaka mingi hapa, maana ilifanana. Mwaka wangu wa mwisho ndipo alipoletwa Kulwa. Wote mnamfahamu, na mwenyewe ameniruhusu nimwandike. Kijana wa Shinyanga, mseja, anapanda ngazi ya winchi vidato viwili viwili kama anayekimbilia harusi. Nimefundisha vijana kumi na tisa na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mkono mwepesi kama wake. Angeweza kuweka kontena juu ya yai. Asubuhi moja, zamu ikikaribia kukabidhiwa, kontena likiwa hewani, nikaona kichwa chake kwenye kioo cha kabini kinainama, kinainuka, kinainama. Nikapiga kelele kwenye redio ya mkononi. Kontena lilishuka kwa kasi, likasimama mkono mmoja tu juu ya foko, gari la kubebea makontena, lililokuwa na dereva ndani. Hakuna aliyeumia. Dereva wa foko alishuka, akaenda kukaa chini ukutani mpaka saa tatu.

Msimamizi alimpa Kulwa onyo moja kwa maandishi: atatazamwa miezi miwili, na akisinzia tena, anashuka kabini moja kwa moja na kwenda kushusha saruji. Nilimfuata nikamuuliza lile swali la Mzee Faraji. "Kulwa, unalala wapi?"

"Mie nalala freshi tu, mzee. Ile ilikuwa bahati mbaya."

Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa na moshi wa kuni. Sikumshurutisha, na nikastaafu nikiwa na kitu hicho kifuani.

Nyumbani nikadhani nitapumzika. Wapi. Wiki ya kwanza walinijia walinzi wawili, ya pili akaja muuguzi wa zamu, halafu mpika mikate, wote wakitaka kujua habari za kaniki na miwani. Nilikuwa nawaeleza kibarazani huku nikichora kwa kijiti mchangani dirisha liwe wapi na kitanda kiwe wapi. Binti yetu Saida, anayefanya kazi ya ofisini, alikuja siku moja akakuta watu watano kwenye mkeka. Akaniambia, "Baba, hii ni biashara. Watu wanasomea kabisa kushauri watu kuhusu kulala." Jamani, niliposikia hivyo nilisimama. Nilijiona kama nimeshika ngazi ya winchi siku ya kwanza. Kumbe kuna kazi, na mimi nina uzoefu wake wa miaka thelathini na moja! Fremu ya mbele ya nyumba ilikuwa tupu, fundi wa mabango yuko mtaa wa tatu, akatuambia atapita Ijumaa kuandika. Kilichobaki ni jina.

Hapo ndipo nyumba ilipowaka. Saida alitaka Dar Slipu Solusheni. Nikamuuliza, mlinzi kutoka Mbagala atalitamkaje kabla hajakata tamaa. Mimi nikapendekeza Usingizi Bora, Mama Saida akasema linafanana na godoro. Akaleta Pumzika Kwa Raha, Saida akasema hilo ni la nyumba ya wageni, tena ya aina ile. Siku nne tulikula tukibishana majina. Nilikuwa naamka na jina jipya kila siku, naliandika kwenye daftari, nikinawa uso limeshanichosha. Mwishowe, ili watu wasipotee, nikachukua boksi nikaandika kwa kalamu nene ya makapeni: KITUO CHA USHAURI WA USINGIZI. Nikalibandika mlangoni, nikaketi nje nikilitazama kwa fahari.

Alhamisi asubuhi nikamwona Kulwa anakuja. Alikuwa na nguo za kazi, anatoka zamu. Moyo uliniruka kwa furaha. Akafika kwenye kona, akasoma boksi langu, akageuka akaondoka bila hata salamu. Nilimpigia simu papo hapo.

"Kulwa, mbona umerudi?"

"Shikamoo mzee. Nimepitiwa tu."

"Marahaba. Usinidanganye, nimekuona."

Akasema polepole. "Mzee, wewe si unajua kofia. Nikionekana naingia pale, kesho nimeandikwa USINGIZI. Wananitazama miezi hii miwili yote. Mtu mwenye kofia ya USINGIZI nani atampa winchi?"

Simu ilikatika, au aliikata. Nililitazama lile boksi nikajisikia vibaya sana. Miaka yote nimemwona Breki akisukuma toroli, kisha mimi mwenyewe naandika mlangoni aibu ya mteja kabla hajaingia! Kumbe jina tulilokuwa tunabishania halikuwa letu. Lilikuwa la yule atakayeonekana akiingia. Nikalibandua boksi, nikalikunja.

Mama Saida alikuwa anachambua mchele. Nikamweleza yote. Nikamwambia nataka jina ambalo mwanaume wa yadi anaweza kulitamka mbele ya wenzake huku ameinua kichwa. Akaendelea kuchambua. Wakati huohuo muuza vitumbua akapita, mzee sasa kama sisi, akasimama mlangoni. "Mama Saida, mumeo halali siku hizi? Buti sizioni."

"Amestaafu. Nimezifungia kabatini," akajibu. Kisha akaacha kuchambua. Akanitazama, nami nikamtazama. Sikumbuki nani alitangulia kulitamka, kila mmoja wetu anadai ni yeye, na ugomvi huo bado upo. Ninachokumbuka ni kwamba nilimbusu muuza vitumbua mkono, naye akaondoka akisema kustaafu kunawaharibu wanaume. Buti Nje. Ni jina la mtu aliyetoka kazini na sasa anadai haki yake ya kulala. Ndani yake hakuna uvivu wala ugonjwa. Nikampigia Saida ofisini. Akasema, "Baba, hilo ndilo. Nalisajili sasa hivi."

Ijumaa baada ya swala fundi wa mabango alikuja akaandika BUTI NJE kwa herufi za bluu, na chini nikamtaka achore buti mbili zilizokaa pamoja. Akachora zote mbili za mguu wa kushoto. Nikaziacha. Mteja wetu wa kwanza alikuwa bodaboda aliyetaka namba tisa. Nilimweleza kuwa hatuuzi buti, akauliza basi tunauza nini, nikamwambia, na alikaa saa nzima. Kumbe yule mtu alikuwa akilala saa tatu tu kwa siku tangu mwaka juzi.

Jumatatu Kulwa akaja. Alikuwa ameshika buti zake mkononi, mchana kweupe, akizionyesha kila anayepita. "Mzee, nimeleta buti," alisema kwa sauti, kisha akaingia, akakaa, na hapo hapo mabega yakamwanguka. Nikamuuliza kwa mara ya pili, "Unalala wapi?" Safari hii alijibu. Anapanga chumba kimoja Segerea. Dirisha linatazama mashariki. Ukuta kwa ukuta yuko fundi simu anayeitwa Sele, mwenye spika mbili kubwa, na muziki wa singeli unaanza saa mbili asubuhi, dakika ileile Kulwa anapojilaza. Amejaribu pamba masikioni. Amejaribu kulala na mto juu ya kichwa. Ana miezi saba hajalala zaidi ya saa mbili kwa mfululizo.

"Umemwambia jirani?"

"Nimwambie nini? Mie mgeni pale. Sijui naanzaje."

"Wanajua unafanya kazi usiku?"

Akafikiri. "Sijawahi kuongea nao, mzee. Nikirudi naingia, nikiamka natoka."

"Na buti unaziweka wapi?"

"Chini ya kitanda. Kule Segerea buti zikilala nje zinaamkia miguu ya mtu mwingine."

Nilijua kaniki haitatosha. Kesho yake tulikwenda Segerea watatu, Kulwa ameshika buti zake mkononi. Mama Saida alibeba birika la kahawa na kashata, akavaa baibui lake la kutembelea watu, maana alisema hodi ya mwanamke haikataliwi. Tukaanzia kwa Sele, kijana wa rika la Kulwa, kichwa kimeinamia simu iliyofunguliwa tumbo. Alipoona tunamsubiri yeye atoe shikamoo, akazima spika. "Shikamooni wazee wangu."

Mama Saida akammiminia kahawa, akamweleza tumemleta mtoto wetu kumtambulisha kwa majirani, ingawa amechelewa. Anaendesha winchi. Anafanya kazi kuanzia jioni mpaka asubuhi.

Sele akashusha kikombe. Alimtazama Kulwa kama ndiyo kwanza anamwona. "Wewe unafanya kazi?"

"Nafanya," Kulwa akasema.

"Braza, sie tunajua huna kazi! Kutwa mtu kalala, hatoki. Tukasema huyu kijana anaharibikiwa. Ndiyo maana nilikuwaga nageuza spika ukutani kwako, uamke ukatafute riziki." Akajishika kichwa. "Wallahi nilikuwa nakusaidia."

Kulwa akacheka mpaka akaegemea ukuta. Miezi saba aliona anachukiwa, kumbe anahurumiwa. Nami nilichekea machozi. Tukazunguka nyumba sita zilizobaki, kahawa ikaisha nyumba ya nne, Mama Saida akaendelea na birika tupu kwa ajili ya heshima. Kila mlango nikaeleza habari ya buti. Kulwa alipotaja wezi, Sele akampokonya buti mkononi, akaziweka mwenyewe kizingitini mwa Kulwa. "Mie niko hapa kutwa. Atakayezigusa tutaonana."

Tulitundika kaniki mbili, tukarudi Temeke. Miezi miwili ya Kulwa kutazamwa ilikuwa imebakisha wiki mbili. Sikumpigia. Mzee Faraji alisema mtu anayejifunza kulala asiulizwe kama amelala. Nilikuwa nahudumia wateja, naeleza miwani na uji, huku nikihesabu siku vidoleni. Nilijua ikishindikana kwa Kulwa, mimi nimeshindwa, hata bango liwe zuri vipi.

Asubuhi ya siku ya mwisho wa uangalizi wake sikuweza kukaa. Nilimwachia Mama Saida fremu, nikachukua bodaboda mpaka Segerea, tukafika kwenye saa nne. Nilikuwa na haraka ya kijana. Niliingia kwenye uchochoro ule nikiita tangu mbali, "Hodi! Kulwa! Hodi jamani!"

Sele aliruka kutoka kwenye kiti chake, bisibisi mkononi, kidole mdomoni. Spika zote mbili zilikuwa kimya, zimefunikwa kitambaa. "Shikamoo, mzee," alininong'oneza, amekunja uso. "Shusha sauti. Buti nje."

Nikatazama kizingitini. Zilikuwa pale, zimewekwa sambamba, na hazikuwa na chembe ya vumbi la saruji. Kuanzia kisigino hadi kamba zilikuwa zimepakaa grisi nyeusi ya winchi, mbichi, bado inang'aa.

Sikugonga. Nilimshika Sele mkono, nikavua makubadhi yangu nikayashika, na kuondoka nikinyata. Mama Saida alinipigia kuuliza kulikoni, nikamjibu kwa kunong'ona, nikiwa nimeshafika barabara kubwa kwenye malori.